Kinga na Lawama

Katika misiba ya siku hizi, hasa marehemu anapokuwa ameondolewa na saratani, kuna swali moja ambalo nimelisikia mara nyingi likipita kwa sauti ya chini baina ya watu walioketi chini ya hema. Swali lenyewe ni hili: "Kwani alikuwa akila nini?" Aulizaye hana nia mbaya. Anatafuta ukuta wa kujisitiri. Akiambiwa kuwa marehemu alipenda nyama na pombe, hushusha pumzi, maana yeye hanywi. Akiambiwa kuwa marehemu hakuonja pombe maisha yake yote, hunyamaza, akatazama chini, kisha akageuza mazungumzo.

Nakuomba, msomaji, tulichukue swali hilo tulitazame mchana kweupe, mbali na kilio na haraka ya mazishi. Je, desturi njema za maisha zaweza kumkinga mtu na saratani? Je, zaweza kumponya akiisha kuugua? Na kama zina nguvu hata kidogo, je, tuna haki ya kumlaumu mgonjwa kwamba hakujitunza? Maswali mawili ya kwanza ni ya waganga. La tatu ni letu sote, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nitatumia mfano wa saratani ya utumbo mpana, kwa kuwa sehemu ya desturi zetu katika maradhi hayo imechunguzwa sana, na kwa hiyo ndiyo saratani itutiayo katika kishawishi kikubwa cha kuhukumu. Wala si maradhi ya mbali. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na wapatao 900,000 walikufa. Na hapa Kenya imo miongoni mwa saratani 5 zinazoonekana zaidi.

Nilifundisha miaka 19 pamoja na mwalimu mmoja wa Hisabati ambaye sitamtaja jina. Kama kungalikuwa na tuzo ya kujitunza, angaliipata yeye, nasi wengine tungalimpigia makofi. Hakuvuta tumbaku wala hakunywa pombe. Nyama aliila siku za sikukuu. Shamba lake dogo lilikuwa na kunde, managu, viazi vitamu na migomba, na kila asubuhi alitembea kilomita 5 kuja shuleni hali baiskeli yake imetundikwa ukutani. Alipotimiza miaka 57 alianza kuona damu chooni. Akasema ni bawasiri. Akanunua dawa ya kupaka; damu ikapungua, ikarudi, ikapungua tena; na hivyo ndivyo ulivyopita mwaka mzima na miezi kadhaa. Baadaye, alipokuwa kitandani, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nilipiga hesabu ya maisha yangu, nikaona jibu haliwezi kuwa saratani."

Nitarudi kwake. Kwanza tuone hesabu hiyo ilikuwa na ukweli kiasi gani, maana haikuwa hesabu ya mjinga.

Ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1946 alifika Uganda daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, mtu mwenye jicho moja, kwani la pili lilipotea katika ajali ya utotoni. Alifanya kazi Lira, kisha katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, na anajulikana zaidi kwa saratani ya taya ya watoto ambayo aliieleza mwaka 1958 na ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaa moyoni. Katika miaka yake yote ya kupasua watu Uganda aliona ya kuwa baadhi ya maradhi ya tumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, saratani ya utumbo mpana miongoni mwao, yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa huku. Yeye na wenzake wakafanya kazi ambayo wengine wangaliionea haya: walipima muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, na wakapima pia uzito wa kinyesi. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa muda wa siku 1 na nusu hivi. Kwa Waingereza waliopimwa kilikawia siku 3 na zaidi. Burkitt akashika ya kuwa siri imo katika nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Mwaka 1971 aliichapisha hoja yake, na haukupita muda mrefu watu wa nchi za kitajiri wakawa wananunua pumba za ngano kwa bei nzuri, zile zile ambazo sisi huwapa kuku.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikuwa kamili. Saratani hii huwajia wengi baada ya miaka 50, na katika Uganda ya siku hizo watu wengi hawakufika umri huo. Na katika waliofika, si wote waliofika hospitali. Maradhi yasiyohesabiwa hufanana sana na maradhi yasiyokuwapo. Hata hivyo, wachunguzi waliomfuata hawakuitupa hoja yake, waliipepeta. Mwaka 2003 ilitolewa hesabu ya watu zaidi ya 500,000 kutoka nchi 10 za Ulaya, nayo ilionyesha kuwa waliokula nyuzinyuzi nyingi kupita wote walipatwa na saratani ya utumbo kwa upungufu wa karibu robo kuliko waliokula chache kupita wote. Mwaka 2015 wachunguzi walifanya jambo la ajabu zaidi. Waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa majuma 2: Wamarekani wakala unga wa mahindi, maharagwe na mboga, wanavijiji wakala nyama, mafuta na vyakula vya dukani. Katika siku hizo 14 tu, dalili za uvimbe na za ukuaji wa haraka wa ngozi ya ndani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani, zikaongezeka kwa wanavijiji. Hakuna aliyepata saratani wala aliyeponywa nayo. Lakini udongo ambamo saratani huota ulikuwa umegeuka.

(Kwa hiyo wewe usomaye katika shule ya bweni, ukiisha kuinung'unikia githeri ya leo, kumbuka ya kuwa ndani ya sahani yako mmejaa nyuzinyuzi ambazo Burkitt angalizishangilia. Sikusemi kwamba ni tamu.)

Yafaa ujue jinsi mambo yanavyokwenda humo ndani. Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1 na nusu, na ngozi yake ya ndani hujifanya upya kila baada ya siku chache: seli kuukuu huanguka, mpya huzaliwa. Kila seli izaliwapo, maandishi yote ya urithi wa mwili, yaani jeni, hunakiliwa. Na palipo na kunakili hapakosi kukosea. Makosa mengi hurekebishwa au hufa na seli zake. Machache hubaki, yakaongezeana, pakaota kijinyama kidogo kisichouma. Vijinyama vingi havifiki mbali. Baadhi yao hugeuka saratani, na safari hiyo aghalabu huchukua miaka 10 au zaidi. Hapo ndipo desturi zetu zinapoingia. Nyuzinyuzi huliwa na vijidudu vya utumboni, navyo hutoa kitu ambacho hulisha seli za utumbo na kutuliza uvimbe. Tumbaku na pombe huongeza makosa ya kunakili. Unene wa kupita kiasi na kukaa kitako mchana kutwa huusukuma mwili katika hali ambayo seli hukua kwa papara. Na mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa nyama za kusindikwa, kama vile soseji na bekoni, husababisha saratani hii, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuisababisha.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo hesabu za watu zinapopinda. Wataalamu wale walisema kuwa mtu alaye gramu 50 za nyama za kusindikwa kila siku huongeza hatari yake kwa asilimia 18. Mwanafunzi mmoja aliposoma habari hiyo alinijia mbio, akaniambia kuwa katika kila walaji wa soseji 100, watu 18 watapata saratani. Sivyo. Tuseme katika watu 100 wasiokula soseji, 5 wangepata saratani ya utumbo katika maisha yao. Ongeza asilimia 18 ya hao 5: unapata karibu 6. Basi katika walaji 100, mmoja zaidi ameongezeka. 94 wamekula soseji zao wakafa kwa jambo jingine. Na 5 wangaliugua hata kama soseji isingalibuniwa. Katika nchi nzima yenye mamilioni ya watu, huyo mmoja ni umati mkubwa, na serikali ambayo haimfikirii imelala. Lakini ukisimama kaburini kwa mlaji mmoja aliyekufa, hakuna awezaye kukuambia kama yeye alikuwa yule wa sita au alikuwa miongoni mwa wale watano.

Jambo hilo, msomaji, ndilo kiini cha maneno yangu yote. Elimu ya kinga husema kweli juu ya wengi. Juu ya mmoja husema labda.

Nao upande wa labda ni mpana kuliko tupendavyo kukiri. Mwaka 2000 wachunguzi wa Marekani walitoa majibu ya jaribio juu ya watu 2,079 waliokwisha kutolewa vijinyama vya utumbo. Nusu yao waliongozwa kula mafuta kidogo, nyuzinyuzi nyingi, matunda na mboga. Nusu waliachwa na chakula chao cha kawaida. Baada ya miaka 4, vijinyama vilikuwa vimerudi kwa watu karibu 40 katika kila 100, upande huu na upande ule, pasipo tofauti. Wapo wasemao kwamba miaka 4 ni michache kwa ugonjwa uchukuao 10 au 20, nami naona wana haki ya kusema hivyo. Lakini mtu aliyeahidiwa kuwa mboga ni ngao lazima asome majibu hayo naye.

Kuna na urithi. Mwaka 1895 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Aldred Warthin, alimwona fundi wake wa cherehani akiwa na huzuni, akamwuliza sababu. Mwanamke yule akamjibu kwamba atakufa angali kijana kwa saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, kwa kuwa jamaa zake wengi wamekufa hivyo. Warthin hakucheka. Aliufuata ukoo ule, akaandika habari zake mwaka 1913. Na yule fundi kweli alikufa kwa saratani ya mji wa mimba. Leo twajua kuwa katika koo kama hiyo kuna kasoro ya urithi katika seli, hata makosa ya kunakili hayarekebishwi kama ipasavyo. Saratani za utumbo zitokanazo na kasoro hiyo ni kama 3 katika kila 100. Nani atamwuliza fundi yule alikuwa akila nini?

Pamoja na hayo, kuna wale wasiokuwa na urithi wala desturi ya kuelekezewa kidole. Katika nchi kadhaa saratani hii imekuwa ikiongezeka kwa watu walio chini ya miaka 50, na waganga bado wanaitafuta sababu. Wengi wenu mmemwona Chadwick Boseman katika filamu ya mwaka 2018 ambamo alikuwa mfalme wa Wakanda, mwili wake ukiwa wa shujaa. Wakati ule alikuwa tayari mgonjwa. Aligunduliwa mwaka 2016, akafa mwezi wa Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Kuna waliotaka kujua alivyoishi mezani kwake. Mimi naona swali hilo ni la utovu wa adabu.

Basi, je, tuseme kinga ni bure? Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema, "Tahadhari kabla ya hatari." Nyingine yasema, "Ajali haina kinga." Mvivu huishika ya pili, mwenye kiburi huishika ya kwanza, na kila mmoja hudhani mwenzake ni mpumbavu. Lakini mtazame mkulima wa Machakos achimbaye matuta ya fanya juu katika shamba lake la mteremko. Anajua kuwa matuta huzuia udongo usichukuliwe na kuyahifadhi maji yaliyopo. Katika miaka mingi, wenye matuta huvuna kuliko wasiokuwa nayo. Ndiyo sababu hakuna mtu mwenye akili awaambiaye watu wa Machakos wayafukie. Hata hivyo mvua ikikosa kabisa, mahindi ya mwenye matuta hukauka pia. Majirani hawamwendei wakamwambia, "Ungalichimba vizuri usingalikosa." Huenda kumpa pole. Wala yeye hatarajii kwamba akichimba tuta jingine siku ile, mahindi yaliyokwisha kukauka yatafufuka.

Jambo hili la mwisho lanipeleka kwenye swali la kuponya, na hapa njia ni nyembamba sana. Hapana chakula, maji ya majani, mzizi wala mfungo uliothibitika kuiondoa saratani ya utumbo iliyokwisha kuota. Kiiondoacho ni kisu cha mpasuaji, na pamoja nacho, kwa kadiri ya hatua ya ugonjwa, dawa za kemotherapia na wakati mwingine mionzi. Ikikutwa ingali ndani ya utumbo, katika nchi zenye matibabu kamili wagonjwa 9 katika 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikiisha kuenea hadi ini au mapafu, hawafiki 2 katika 10. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa haujaenea mbali, lakini wakaikataa tiba ya hospitali na kuchagua njia nyingine peke yake. Kwa wenye saratani ya utumbo, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 4 ya wenzao waliotibiwa.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa habari njema. Mwaka 2025 yalitangazwa majibu ya jaribio juu ya wagonjwa 889, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokwisha kupasuliwa na kumaliza kemotherapia. Kundi moja lilipewa maandishi ya ushauri. Kundi la pili lilipewa maandishi hayo pamoja na mtu wa kuwaongoza katika mazoezi ya mwili kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, katika kundi la mazoezi walikuwa hai watu 90 katika kila 100. Katika kundi lile jingine, 83. Hao 7 si wachache. Ziko dawa za bei kubwa ambazo hazifikishi kiasi hicho. Lakini angalia mpangilio: kisu kwanza, dawa baada yake, kisha miguu. Anayeanza na miguu na kukiacha kisu amesoma habari hiyo kinyumenyume.

Rafiki yangu mwalimu alipopasuliwa, saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Alianza kemotherapia, akadhoofika nayo. Ndipo jamaa mmoja akamletea maji ya majani katika chupa, na maneno matamu kupita maji yenyewe. Akaambiwa kuwa mwili wake ulikuwa safi siku zote, na dawa za hospitali ndizo zinazouchafua. Maneno hayo yalimwingia kwa sababu yalifanana na hesabu yake ya zamani. Akaiacha kemotherapia miezi 3. Sisemi kwamba angalipona kama asingaliiacha. Hatua aliyofikia haikuwa ya kuahidiwa hivyo. Nasema alinyang'anywa miezi, na aliyemnyang'anya aliagana naye kila jioni kwa baraka.

Siku ya arobaini mkewe alikuja akaketi karibu nami. "Shemeji," aliniambia, "wewe umemjua miaka yote hiyo. Alikosa nini?"

Nilimwambia kuwa hakukosa. Alinitazama kama mtu aliyetazamia kuambiwa jina la adui, kisha akaambiwa kuwa hapakuwa na adui. Nimelifikiri sana swali lake tangu siku ile, na nimeona kuwa ni lile lile liulizwalo chini ya hema, ila yeye aliliuliza kwa machozi. Sote twataka dunia iwe daftari la Hisabati: atendaye vema apate vema, na apataye ovu awe ametenda ovu. Sehemu ya kwanza ya tumaini hilo ni ya heshima. Sehemu ya pili ni ukatili, japo huvaa kanzu ya hekima.

Tena ukatili wake haukomei kwenye maneno, maana huua kwa njia mbili. Huyu aliyejitunza huona damu akaipuuza, kwa kuwa ameamini kuwa maisha yake ni hati ya kutougua. Yule asiyejitunza, mlevi au mvutaji, huona damu akaificha, kwa kuwa anajua atakaloambiwa akifika mlangoni: "Si ulijitakia?" Mmoja huchelewa kwa kiburi, mwingine kwa haya, na maradhi hayawatofautishi. Methali yetu ya kale yasema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini haikutuambia kuwa mara nyingi tulio pembeni ndio tuliomfundisha kuficha.

Najua utanijibu, msomaji, na jibu lako lina uzito: "Ukiondoa lawama, vijana wataacha kujitunza. Kama soseji na mboga zote huishia kaburini, kwa nini nijinyime?" Nami nasema kuwa wajibu na lawama si kitu kimoja. Wajibu hutazama mbele. Wewe mwenye miaka 16, hujaugua, una miguu, una meno, na unao uwezo wa kukataa sigara ya kwanza: ni wajibu wako kuikataa, kwa ajili yako na kwa ajili ya wale watakaokuuguza. Katika Marekani imekadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya saratani za utumbo zina uhusiano na mambo yawezayo kubadilishwa. Zaidi ya nusu! Angalikuwapo mfadhili wa kutupa nusu hiyo kwa fedha, tungalimwimbia. Lakini lawama hutazama nyuma, na nyuma hakuna aonaye vizuri. Kama nilivyokwisha kuonyesha, hata daktari hawezi kumtambua yule wa sita kati ya watano.

Tena lawama husahau kuuliza ni nani aliyepewa nafasi ya kuchagua. Mwenye shamba la kunde hachagui kama mpangaji wa chumba kimoja mjini ambaye hutoka kazini usiku, na njiani hakutani ila na mkokoteni wa soseji na kibanda cha chipsi. Wala kipimo cha kuutazama utumbo kwa mrija mwembamba wenye kamera, ambacho huonyesha vijinyama vikaondolewa papo hapo kabla havijageuka, hakipatikani kila wilaya wala si kwa bei ya kila mtu. Kama ni lazima kulaumu, basi lawama nyingine ielekezwe huko, ambako yaweza kujenga kitu.

Kipimo hicho ndicho kilichonirudisha katika nyumba ya rafiki yangu mwaka jana. Mwanawe wa kwanza, ambaye nilimfundisha mwenyewe, ana miaka 41. Daktari alimwambia kuwa mtu ambaye mzazi wake alipatwa na saratani hii hapaswi kungoja uzee. Akifika miaka 40 na apimwe, hata kama hasikii maumivu yoyote. Alikwenda. Wakakuta vijinyama 2, wakaviondoa siku ile ile, na jioni alikuwa nyumbani akinywa uji. Alinipigia simu kunipa habari, akaongeza kwamba ameacha soseji, kwamba sasa hukimbia asubuhi, na kwamba Jumamosi bado hula nyama choma na wenzake, ila kipande kimoja.

"Mwalimu," aliniuliza, "katika hayo yote, ni lipi lililoniokoa?"

Nilimjibu kwa swali: daktari amemtaka arudi lini? Akanitajia mwaka. Nikamwambia auandike mwaka huo mahali atakapouona, kisha amshike mdogo wake mkono ampeleke naye, maana baba yao ni mmoja. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kujaribu. Mdogo wake ana miaka 39. Hanywi, havuti, hutembea kilomita nyingi kila siku. Na kila ninapomtajia kipimo hicho hunijibu kwa upole mwingi kwamba yeye hali nyama.